Kazi Isiyoonekana: Magofu ya Merikebu katika Riwaya ya Dickens

Riwaya ya Charles Dickens iitwayo Great Expectations, iliyotolewa kwa sehemu katika jarida All the Year Round toka Desemba 1860 hadi Agosti 1861, husomwa kwa kawaida kama hadithi ya kijana atakaye kuwa bwana. Nyuma yake mna magofu ya merikebu, yaani merikebu kuukuu za vita zilizong'olewa milingoti, zikatiwa nanga mitoni na kufanywa magereza. Neno gofu linafaa: humtajia msomaji wa Kiswahili nyumba iliyobaki kuta tupu.

Magereza hayo yalianzishwa kwa sheria ya 1776, pale vita vya Marekani vilipoizuia Uingereza kupeleka wafungwa wake katika makoloni hayo. Sheria iliamuru wachote mchanga na changarawe katika mto Thames. Mpango uliokusudiwa kuwa wa muda ukadumu hadi 1857. Gofu lilikuwa mahali pa kulala. Adhabu yenyewe ilikuwa kazi ya mchana.

Kazi hiyo ndiyo isiyoonekana katika riwaya. Pip huliona gofu usiku, kutoka kinamasini, jeusi na lenye minyororo, akalilinganisha na safina ovu ya Nuhu. Taswira hiyo ni ya ajabu, na mtoto hawezi kuona zaidi. Dada yake humkaripia kwa kule kuuliza tu. Lakini katika sura ya 42 Magwitch mwenyewe husimulia maisha yake. Aeleza jinsi Compeyson, mwenye sura ya kiungwana, alivyohukumiwa miaka 7 na yeye 14 katika kesi moja. Aeleza pigo alilompiga, chumba cha giza, na kutoroka hadi ufukoni. Juu ya kazi, kimya. Haiyumkini kuwa Dickens hakuijua, kwani utotoni alikaa Chatham, penye karakana ya jeshi la maji, ambamo baba yake alikuwa karani wa malipo.

Kimya hicho hudhihirika zaidi kikilinganishwa na kumbukumbu za James Hardy Vaux, zilizochapishwa London mwaka 1819. Vaux alifungwa katika gofu la Retribution, kisha akapelekwa New South Wales kwa mara ya pili mwaka 1810. Kwake hamna safina. Mna saa: saa moja asubuhi, kila awezaye kuingia mashuani hupelekwa pwani Woolwich, penye ghala kuu la silaha, adhuhuri hurudishwa kula, kisha kazini tena. Mna vikosi vya watu 16 au 20, kila kimoja na msimamizi wake. Nathari yake ni kavu, na Vaux ni mwizi ajiteteaye, asiyefaa kuaminiwa katika yote. Ila hapa asema asilolisema Magwitch.

Tofauti hiyo yagusa kiini cha riwaya. Pip achukizwa na fedha za Magwitch, zilizopatikana kwa kufuga kondoo New South Wales, na msomaji huongozwa kuuliza kama ni safi. Haongozwi kuuliza kuhusu faida iliyopatikana Woolwich na Chatham kwa mikono ya wafungwa wale wale. Mfungwa ahojiwa juu ya mali yake. Dola haihojiwi juu ya yake.