Jioni ya Kuamkia Ua

Ua la kunde hufunguka alfajiri, na kabla ya adhuhuri limeshanyauka. Tatizo ni kwamba likifunguka huwa limekwisha kujichavusha lenyewe, usiku, mlango ukiwa umefungwa. Anayetaka kuliozesha kwa kunde ya mbali awahi jioni ya kuamkia siku hiyo. Huchagua tumba lililovimba, akalichana ubavuni kwa ncha ya kibano, akatoa vifuko vyote kumi vya chavua, kimoja kimoja. Kikisalia kimoja, kazi imeharibika. Asubuhi huleta chavua ya upande wa mume, akaipaka, akafunga kiuzi kwenye kikonyo. Maua mengi huanguka hata hivyo.

Sisi tunaosifu watu kwa rangi ya maji ya kunde hatujui maji hayo yamegharimu vidole vingapi.

Huko Ibadan, Nigeria, taasisi ya utafiti wa kilimo, IITA, inahifadhi zaidi ya aina 15,000 za kunde. Utajuaje ipi inastahimili ukame? Mtafiti wa kunde B. B. Singh na wenzake walitumia sanduku la mbao lenye udongo kidogo: panda, mwagilia, acha, kisha tazama. Miche dhaifu ilikauka mapema. Iliyovumilia ilikuwa na tabia mbili. Mingine iliacha kukua, ikajikunyata mizima mizima hadi sehemu zake zote zikafa kwa pamoja. Mingine iliachia majani ya chini yafe ili chipukizi la kileleni liishi. Mimi huipenda hii ya pili; ina ubahili wa mama mwenye watoto wengi. Lakini kuiona kulihitaji mtu wa kurudi kwenye sanduku lile lile siku baada ya siku.

Kuna adui ambaye aina zile zote hazikumpatia dawa ya kutosha: Maruca, kiwavi anayetoboa maua na maganda. Ndipo mtafiti T. J. Higgins na wenzake, Canberra, Australia, wakatafuta njia ya kupandikiza jeni kwenye kunde. Kwa kila vipande kama 1,000 vya kiinitete walivyovihangaikia, walipata mmea mmoja wenye jeni na uwezo wa kuzaa. Jeni iliyotakiwa, ya kumkinga mmea na Maruca, ilitoka kwa bakteria wa udongoni.

Mmea wa maabara, hata hivyo, si mbegu ya mkulima. Watafiti wa Zaria, Nigeria, waliuozesha kwa kunde bora ya IITA, kizazi baada ya kizazi, mpaka sifa zote za kunde ile zikarejea na jeni ikabaki. Kunde iliyopatikana, SAMPEA 20-T, iliidhinishwa mwaka 2019. Na kila ndoa ya safari hiyo ilianza jioni, kwa tumba lililovimba na kibano.