Vipande vya Kikopti: tunatazama nguo au picha?



Nimesoma mara nyingi kwamba wafumaji wa Misri walianza vizuri, kisha wakaharibikiwa. Ati karne ya 3 na ya 4 walifuma wacheza ngoma na Dionysus, mungu wa mvinyo wa Wagiriki, kwa miili yenye uhai. Kufika karne ya 7 na 8 watu wamekuwa vibonge, macho makubwa, mikono kama vijiti. Wenyewe huita kuporomoka kwa sanaa. Mimi hoja hii siikubali, na sababu yangu inaanzia kwenye mkasi.

Nguo hizi zilitoka makaburini, hasa Akhmim miaka ya 1880, na Antinoë, alikochimba Mfaransa Albert Gayet kuanzia 1896. Mchanga mkavu ulizihifadhi. Wafanyabiashara wakaona kitani kitupu hakina soko, wakakata mapambo na kuyauza, na vipande vya nguo moja vikaishia katika majumba tofauti ya makumbusho. Ndiyo maana leo unakuta mraba mdogo ndani ya fremu. Ukishaitundika nguo kama picha, utaihukumu kama picha.

Lakini lilikuwa vazi. Hebu fikirini kanzu pana iliyofumwa kipande kimoja kwa umbo la msalaba, mikono na mwili pamoja, kisha ikakunjwa mabegani na kushonwa ubavuni. Mtande ni kitani. Mshindio wa mapambo ni sufu, kwa sababu sufu hushika rangi vizuri kuliko kitani. Mistari miwili inashuka kutoka mabegani, na duara zinakaa begani na karibu na magoti. Tena, na hili ndilo linalonistaajabisha zaidi, nguo ilifumwa kwa ubavu, kuanzia mkono mmoja hadi wa pili. Mfumaji alimfuma mtu akiwa amelala, ili aonekane amesimama siku nguo itakapovaliwa!

Mtu huyo basi anatazamwa kwa mbali, juu ya goti linalotembea. Macho makubwa na ukingo mweusi si uzembe, ni mtu anayeijua kazi yake. Tazameni duara za kisa cha Yusufu, za karne ya 7 hadi 9: usuli mwekundu, ndoto katikati, na kandokando shimo, mbuzi anachinjwa, Yusufu anauzwa. Kuna nyingine ambazo wahusika hawatambuliki kabisa kama hukijui kisa, hilo sikatai. Ila uzuri wa rangi zake haujali kama vidole ni vitano.

Halafu hiyo ngazi ya "kizuri ni cha kale, kibaya ni cha baadaye" yenyewe ilijengwa kwa kukisia mtindo tu. Vipimo vya kaboni vilivyofanywa tangu miaka ya 1990 vimezisogeza tarehe nyingi, na baadhi ya vipande vilivyodhaniwa vya zamani sana vimeonekana kuwa vya karne za baadaye.

Jina nalo linatupoteza. "Kikopti" ni Qibt ya Kiarabu, iliyotoka Aigyptios ya Kigiriki, yaani Mmisri basi. Sisi tunasoma Ukristo peke yake. Sasa Dionysus anafanya nini pale? Na Waarabu walipoiteka Misri kati ya 639 na 642, vitanda vya kufumia havikusimama. Kazi iliendelea hadi kwenye ile mikanda yenye maandishi ya Kiarabu, tiraz, neno ambalo sisi tunalo katika kutarizi. Hicho kisa cha Yusufu nacho, mnajua wenyewe kinasomwa na nani na nani.

Ninachokiomba kwenye vibandiko vya makumbusho si kikubwa: watuambie mtande unaelekea wapi, kipande kilikaa begani au gotini, na kama kina kiraka, maana nguo nyingi zilivaliwa na kushonwa tena kabla ya kuzikwa na wenyewe.