Pongezi kwa Watamba Hadithi
Katika fani zote walizorithi watu wa pwani, hapana niipendayo tangu utoto hata leo kama ile ya watamba hadithi, wengi wao akina bibi, ambao baada ya sala ya isha, kwa kusema "Paukwa" nao watoto wakaitika "Pakawa", waliwafungulia wasikilizaji milango ya miji ya masultani, majini na wanyama wenye kunena.

Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu, alipozipiga chapa ngano za Unguja huko London mwaka 1870, aliitia humo ile ya Sultani Darai, ambayo kwangu ni bora kuliko zote: maskini Hamdani, apekuaye jaani, aokota thumni na kununua paa, naye paa, kwa hila na ushujaa, amwua nyoka wa vichwa saba na kumpatia bwana wake mke na kasri, lakini siku augulapo, bwana yule yule aamuru apewe uji duni wa mtama. Hapo bibi yangu alikuwa akituacha tulie kwanza, ndipo aendelee. Paa afa kwa huzuni, na Hamdani ajiona yupo jaani vile vile, akipekua.

Wala fani hii haikudhoofu ilipohamia kalamuni, kwani Shaaban Robert, katika *Adili na Nduguze*, alitupa ndugu waliogeuzwa manyani. Na taadhima tumpayo yeye yawastahiki pia akina bibi wale, ambao majina yao hayakupigwa chapa popote.