Injili na Habari Njema: Neno Moja, Kazi Mbili

Mfasiri akutanapo na neno la Kiyunani "euangelion" huandika "Injili" bila kusita. Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba wepesi huo huficha sehemu ya maana.

Neno hili limeundwa kwa viungo viwili: "eu", yaani vema, na shina lenye maana ya kupasha habari. Katika Odyssey ya Homer lilikuwa jina la zawadi apewayo mleta habari njema. Baadaye likawa habari yenyewe. Agano Jipya lina jina hilo na kitenzi chake pia. Paulo hutumia yote mawili. Luka, katika kitabu chake cha Injili, hutumia kitenzi tu. Injili ya Yohana haina hata moja.

Kiswahili kililipokea jina kwa njia ya Kiarabu. Injili imetajwa katika Kurani, na kwa Mwislamu wa Mlandege ni kitabu alichoteremshiwa Nabii Isa. Askofu Edward Steere, aliyefasiri akiwa Unguja katika karne ya 19, aliandika "Anjili". Umbo lililodumu ni "Injili". Basi jina lilifika, kitenzi kikabaki njiani.

Upungufu huo waonekana katika Biblia ya mwaka 1952. Kitenzi kile kile kimefasiriwa kwa "habari njema" katika Luka 4:18, na kwa "Injili" katika Warumi 1:15. Msomaji hana njia ya kutambua kwamba asili yake ni moja.

Waliojaribu kuziba pengo wametupa "mwinjilisti" na "kuinjilisha". La kwanza lina kiambishi cha Kibantu, shina lililopitia Kiarabu na mkia wa Kizungu. Lakini limekwisha kuwa cheo makanisani, wala hapana haja ya kuling'oa. La pili lapotosha: lamfanya msikilizaji kuwa kitu cha kugeuzwa, hali kitenzi cha Kiyunani ni cha kutangaza.

Dawa tunayo nyumbani. "Habari" na "hubiri" yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, kama vile jina na kitenzi cha Kiyunani vilivyo na shina moja. Twapendekeza "Injili" iachiwe kitabu, ujumbe uitwe "habari njema", na tendo liwe "kuhubiri". Hapo mwalimu na mtumishi wa serikali, wawe wa dini yoyote, watajua mara moja kama kinachotajwa ni kitabu au ni ujumbe.