Pongezi kwa Dereva wa Basi la Shule

Nchini Kenya basi la shule hutambulika kwa rangi ya manjano, lakini mtoto humtambua kwanza dereva. Dereva bora humwita kwa jina, husubiri akae ndipo aondoe gari, na akiona msemaji wa siku zote amenyamaza, humdokeza mwalimu.

Imani ya watoto kwa dereva wa namna hiyo ilipimwa vikali Chowchilla, California, Julai 15, 1976. Watu watatu wenye silaha waliteka basi la dereva Ed Ray likiwa na watoto 26 waliotoka kuogelea, wakawafukia wote ndani ya trela kwenye machimbo ya mawe. Ray, aliyekuwa na miaka 55, aliwatuliza. Kisha yeye na wavulana wakubwa wakapanga magodoro, wakapanda juu yake, wakasukuma kifuniko kilichokandamizwa kwa betri nzito na kuchimba njia. Baada ya saa 16 hivi walitoka wote wakiwa hai.

Watoto walimsikiliza gizani kwa sababu walimzoea barabarani. Kabla hajafariki mwaka 2012, baadhi yao, sasa watu wazima, walikwenda kumjulia hali.

Madereva wetu wanaoamka kabla ya adhana kukabili foleni za Nairobi na Dar es Salaam wanastahili shukrani hiyo mapema: mshahara kwa wakati, na salamu ya mzazi getini.