Namna setjmp inavyotosheka na rejista chache

Ukifungua faili la setjmp katika maktaba ya musl, lile la prosesa za x86-64, unakuta amri zipatazo 12 tu za asembli. C sanifu haina njia ya kuitaja rejista kwa jina na kuisoma, kwa hiyo kazi hii haikwepeki kuandikwa hivyo. Amri hizo zinahifadhi baiti 64 ndani ya jmp_buf, kihifadhi anachokitoa mwitaji. Kwa baiti hizo, longjmp inaruka kutoka ndani kabisa ya mlolongo wa miito na kutua pale setjmp ilipoitwa, ikizipita funksheni zote za katikati bila kuziaga.

Prosesa hiyo ina rejista 16 za matumizi ya jumla. Mbona zinahifadhiwa 7 tu, pamoja na anwani ya kurejea? Jibu limo katika mapatano ya System V kuhusu namna funksheni zinavyoitana. Mwitaji anajua kwamba rax, rcx, rdx, rsi, rdi na r8 hadi r11 zinaweza kurudi zimevurugwa. Kama ana kitu humo, amekwisha kukiweka kando. Na kwa kuwa setjmp huitwa kama funksheni nyingine, kompaila imeshamaliza sehemu kubwa ya kazi. Zinabaki rbx, rbp, r12 hadi r15, na rsp inayoshika kilele cha staki. Rejista za xmm hazimo kabisa, maana mapatano hayo hayamlazimu anayeitwa kutunza hata moja. Kwenye Windows, xmm6 hadi xmm15 ni amana ya anayeitwa, na jmp_buf ya huko ni kubwa zaidi.

Shughuli iko kwenye rsp. Setjmp inapoanza, kilele cha staki kina anwani ya kurejea. Musl inahifadhi rsp kujumlisha 8, yaani staki kama itakavyokuwa baada ya kurudi, kisha inainakili anwani yenyewe ndani ya jmp_buf. Nakala hiyo ni ya lazima: setjmp ikisharudi, mwitaji ataita funksheni nyingine, na kila mwito unaweza kuandika juu ya nafasi ileile.

Upande wa longjmp, kiwango cha C kinataka ikipewa 0 irudishe 1, ili marejeo yasidhaniwe kuwa mwito wa kwanza. Musl inatimiza hili bila tawi lolote. Inaifuta eax, inalinganisha esi na 1, kisha inajumlisha kwa adc, amri inayoongeza pia biti ya kubeba. Esi ikiwa 0, ulinganisho unawasha biti ya kubeba na jumla inakuwa 1. Ikiwa nambari nyingine yoyote, jumla ni nambari hiyohiyo. Kwangu hakuna mistari mizuri kuliko hii katika msimbo huu wote.

Maktaba nyingine ya C, glibc, imeongeza ulinzi, na ilifanya vyema, kwani anayeweza kuandika juu ya jmp_buf anaweza kuipeleka programu anakotaka. Huzichanganya rbp, rsp na anwani ya kurejea kwa XOR na nambari ya siri, kisha huzungusha biti mara 17.

Gharama ya uchache huu wote inaangukia vigeu vya ndani. Kigeu kilichokaa katika rbx kitarudishiwa thamani ya zamani, ile ya wakati wa setjmp. Kilichokaa kwenye staki kitabaki na thamani mpya. Kompaila ndiyo inayoamua kipi kikae wapi, na uamuzi hubadilika ukiwasha uboreshaji. Ndiyo maana kiwango kinasema kigeu cha ndani kilichobadilishwa baada ya setjmp, katika funksheni iliyoiita, hakina thamani ya kutegemewa isipokuwa kimetangazwa volatile. Waandishi wa PostgreSQL wanalijua hili vizuri: PG_TRY, makro yao ya kushughulikia makosa, imejengwa juu ya sigsetjmp, na kigeu kinachobadilishwa ndani ya PG_TRY na kutumiwa ndani ya PG_CATCH hutakiwa kubeba neno hilo.