Sifa ya Ukaguzi wa Mapema

Miongoni mwa kazi zilizozaliwa na zama zetu, iko moja ambayo watu wachache wameisikia na wachache zaidi wameisifu, nayo ni kazi ya kuukagua mchoro wa chipu kabla chipu yenyewe haijatengenezwa, ili kujua kama umeme itakaoutumia utafichua siri iliyoaminiwa kuitunza.

Haja ya kazi hii ilidhihirika mwaka 1999, Paul Kocher, Joshua Jaffe na Benjamin Jun wa Marekani walipochapisha makala iliyoonyesha kwamba kadi ya benki, hata hesabu zake za usimbaji zikiwa timamu, yaweza kumpa ufunguo wake mtu ambaye hakufanya zaidi ya kuupima mkondo wa umeme unaoingia ndani yake. Transista hula umeme hasa zinapogeuka kati ya sifuri na moja, na kwa kuwa kugeuka huko hufuata thamani zinazokokotolewa, umeme huchukua alama ya siri, hafifu mno katika kipimo kimoja, dhahiri baada ya vipimo maelfu kuchambuliwa kwa takwimu. Funguo za AES, mfumo wa usimbaji unaotumika sana, za biti 128 ni nyingi kiasi kwamba idadi yake ina tarakimu 39. Lakini aupimaye umeme huushambulia ufunguo baiti moja moja, kila baiti makisio 256, na baiti zote 16 humgharimu makisio 4,096 tu.

Mafundi walijibu kwa kuigawa siri katika mafungu yaliyochanganywa na nambari za nasibu, ili fungu moja peke yake lisiwe na maana yoyote. Ilikuwa hekima kubwa, ila mwaka 2005 Stefan Mangard na wenzake wa Graz, Austria, walithibitisha kwamba haikutosha: ishara hazifiki kwenye lango la sakiti kwa wakati mmoja, basi lango hugeuka mara kadhaa kabla halijatulia, na katika mpito huo mafungu yaliyotenganishwa hukutana. Mwaka uliofuata Svetla Nikova, Christian Rechberger na Vincent Rijmen walileta dawa, yaani kila sehemu ya sakiti inyimwe angalau fungu moja, isiweze kusema isichokijua.

Lakini dawa hufaa ikifuatwa sawasawa katika mchoro, na hapo ndipo mkaguzi anapostahiki sifa. Akiwa na mchoro ulioandikwa kwa lugha ya Verilog, huuendesha ndani ya kompyuta, akahesabu katika kila pigo la saa ni nyaya ngapi zimegeuka, na hesabu hiyo huwa mfano wa umeme. Huulisha mchoro maandishi ya kusimbwa yasiyobadilika, kisha ya nasibu, akalinganisha wastani wa makundi mawili kwa jaribio la t. Thamani ya t ikivuka 4.5, kwa desturi huhukumu kwamba kuna uvujaji. Chipu iliyokwisha kutengenezwa humpa mpimaji jumla ya mikondo yote pamoja na kelele zake, ilhali mchoro humwonyesha waya wenye hatia kwa jina lake, na marekebisho yake aghalabu ni mistari michache ya maandishi. Nami naona utukufu wa kazi hii uko hapo hasa: kulikuta kosa lingali na jina, na aliyeliandika angali mezani pake.

Bali mkaguzi mwaminifu hatosheki na hukumu ya kwanza. Programu igeuzayo maandishi kuwa malango, ikiamriwa kupunguza eneo, yaweza kuunganisha kile ambacho fundi alikitenganisha kwa makusudi, kwa hiyo mkaguzi hukagua tena malango yaliyotoka. Tena anajua kwamba hesabu ya nyaya zilizogeuka haina habari ya jinsi nyaya mbili jirani zinavyoathiriana katika silikoni, hivyo huandika kwamba hakuona uvujaji kwa kipimo alichokitumia, wala hathubutu kuandika kwamba haupo. Na chipu ikija, huipima upya.

Kasoro ya programu huweza kutibiwa kwa toleo jipya, lakini sakiti iliyokwisha kuchongwa katika silikoni haichongwi tena, na kadi zilizokwisha kugawiwa watu hukaa mifukoni mwao kwa miaka. Kwa sababu hiyo nawasihi walimu wa uhandisi wamfundishe mwanafunzi kazi hii siku ile ile anapoandika sakiti yake ya kwanza ya usimbaji, wala wasimsubirishe mpaka chipu irudi kutoka kiwandani.